Jinsi ya kudai matengenezo ya waranti lori jipya linapocheleweshwa gereji

Lori jipya la dizeli linapanda mlima wa Sachangwan, Kenya, na saruji ya kupeleka Kisumu, taa ya injini inawaka, nguvu inakwisha. Linavutwa hadi gereji ya waliokuuzia Nakuru, unaambiwa uache funguo utapigiwa simu. Ukiondoka hivyo hivyo, mwezi ujao hakuna atakayekubali kwamba limekaa sana, kwa sababu hakuna palipoandikwa liliingia lini.

Kwanza soma kitabu cha waranti. Angalia inaisha kwa miezi au kwa kilomita (kinachotangulia ndicho kinachohesabiwa), ni sehemu zipi haziingii, na nani anaruhusiwa kufanya servisi. Matairi, klachi na filta kwa kawaida haziingii. Usimruhusu fundi wa nje afungue injekta au pampu, hata kama unamwamini kuliko wale wa kampuni. Utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia.

Unapolifikisha, usitoe funguo kabla ya kupewa fomu ya kupokelea gari. Iwe na tarehe, nambari ya chesisi, kilomita na lalamiko lako. Hapo kwenye lalamiko uwe mkali kidogo. Wao hupenda kuandika "injini iangaliwe", maneno yasiyomfunga mtu. Sema waandike: "Linapoteza nguvu likipanda mlima na mzigo, taa ya injini inawaka." Piga picha ya fomu, dashibodi, kiwango cha mafuta, gurudumu la akiba na jeki. Jeki hupotea.

Kisababu cha kwanza utakachosikia ni mafuta machafu. Si cha kupuuza: mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuzuia watu kuyachanganya na dizeli. Kwa hiyo weka risiti za petroli stesheni zote, na siku wanapotoa sampuli kwenye tangi uwepo. Igawanywe katika chupa mbili safi, zifungwe, nyote mtie sahihi, na moja ubaki nayo. Wakisema dizeli ni mbaya, waombe majibu ya maabara. Pua ya fundi haitoshi.

Siku hiyo hiyo mwandikie meneja wa servisi kwa barua pepe. Mazungumzo ya simu ni rahisi kukanwa. Barua fupi inatosha: "Lori langu, chesisi nambari fulani, liliingia kwenu leo likiwa na kilomita kadhaa. Naomba mniandikie kosa mlilolipata, spea mliyoagiza na nambari yake, siku mliyoiagiza, na siku nitakayokabidhiwa lori." Mara nyingi hiyo siku ya kuagiza ndiyo hufichua mambo: mtu anakwambia spea iko njiani kumbe haijaombwa. Wiki ikipita kimya, tuma tena, nakala kwa makao makuu ya kampuni. Kama lori ni la mkopo na jina la benki liko kwenye logbuku, benki nayo ipate nakala, na ukiona rejesho litakusumbua waombe mapema wakupangie upya.

Omba pia lori la kuazima. Wengi hukataa. Lakini omba waranti iongezwe kwa siku zote ambazo lori limelala kwao. Hilo haliwagharimu pesa leo, basi hulikubali kwa urahisi zaidi, ila liwe kwenye karatasi yenye muhuri. Huku nyuma hifadhi oda zilizofutwa na malipo ya lori ulilokodi.

Ikishindikana, peleka barua ya madai ukiwapa siku 14 za kujibu. Taja Kifungu cha 46 cha Katiba, kinacholinda haki za mnunuzi, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayotaka kilichouzwa kifae kwa kazi yake. Kama walikudanganya kuhusu waranti yenyewe, lalamikia Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Hasara isiyozidi shilingi milioni 1 unaweza kuidai katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako si lazima uwe na wakili na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Ikizidi hapo, au ukitaka bei ya lori irudi, mtafute wakili, na umwonyeshe mkataba kwanza, maana mingine hutaka mzozo uanzie kwa msuluhishi.

Siku ya kulichukua, omba orodha ya spea zilizobadilishwa pamoja na majibu ya kompyuta iliyopima injini. Kisha lijaribuni pamoja likiwa na mzigo, mlimani, kwani ndiko liliposhindwa. Kuzunguka mjini likiwa tupu hakuonyeshi kitu. Wakikataa, andika kwa mkono juu ya sahihi yako: "Nimelichukua bila kujaribiwa na mzigo."