Kabla hujaweka saini ya mradi wa nyumba mtaani kwako: angalia maji yanaishia wapi

Mradi mkubwa wa nyumba ukija Dar es Salaam, ipo siku mtaalamu mshauri atafika ofisi ya serikali ya mtaa kukusanya maoni ya wananchi. Hiyo ni sehemu ya Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Mtaonyeshwa picha za nyumba zenye bustani, mtapewa soda, na daftari la mahudhurio litazungushwa. Kurasa za daftari hilo huambatanishwa kwenye ripoti, na anayeisoma ofisini huziona kama ushahidi kwamba mlishirikishwa, hata kama mlikaa kimya mwanzo hadi mwisho. Basi jiandae kabla ya kikao. Omba mapema michoro miwili ambayo ni nadra kuulizwa: wa mitaro ya maji ya mvua na wa majitaka. Picha za bustani waachie wanunuzi.

Omba pia ramani yenye mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, na usisitize ivuke mpaka wa kiwanja. Hapa ndipo michoro mingi inapojificha. Ndani ya uzio kila kitu kimepangwa, mitaro ina vipimo na chemba zina namba. Kisha pembeni kuna mshale mmoja ulioandikwa “kwenda mtaro uliopo”, na karatasi imeisha. Maji hayaishi na karatasi. Ufuate mshale huo kwa miguu, ukiwa na mtu aliyekaa mtaani miaka mingi, mpaka uyaone maji yanapoingia mtoni au baharini. Pima upana wa kila kalavati mnalopita, hata kwa hatua. Angalia kama limejaa mchanga na taka, kama kuna aliyejenga ukuta au fremu za maduka juu ya mtaro, na kama mtaro mkubwa unapokelewa na mdogo. Uliza barabara ni ya nani: za mitaa nyingi ziko chini ya TARURA, barabara kuu ziko TANROADS. Kama mradi unategemea mtaro wa barabara, iwepo barua ya mwenye barabara inayokubali kupokea maji hayo, yenye kiasi chake. Mshale si ruhusa.

Safari hiyo huweza kukufikisha mahali ambapo hakuna mto wala mtaro. Ukanda wa Tegeta, Basihaya na Boko una mabonde madogo ambayo maji huingia na kukosa pa kutokea, yakakaa majumbani kwa wiki. Kwenye ramani utayatambua kwa kontua zilizojifunga duara huku namba zikishuka kuelekea katikati. Mradi unaomwaga maji kwenye duara la namna hiyo uwe na jibu la kueleweka, na “yatazama yenyewe” si jibu. Upande mwingine wa jiji, maji ya Ubungo na Sinza hukusanyika kwenye mto Msimbazi na kushuka Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro hufungwa mara kwa mara mvua ikizidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Anayejenga mlimani leo anaongeza maji kwenye bonde hilohilo.

Anaongeza kiasi gani? Hesabu yake mtu yeyote anaweza kuipiga kwa simu. Chukua hekta za eneo, zidisha kwa milimita za mvua kwa saa, zidisha tena kwa sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunywewa na ardhi, kisha gawa kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme eneo ni ekari 10, karibu hekta 4, na mvua kubwa ni milimita 80 kwa saa. Shamba lenye nyasi na mikorosho huenda likaachia 0.3 ya mvua itiririke: unapata lita 267 kwa sekunde. Likijaa mabati, lami na pevingi, kiwango kikafika 0.7, zinakuwa lita 622. Tofauti ya lita 355 kila sekunde, kwa nusu saa tu, ni karibu mita za ujazo 640, yaani malori zaidi ya 60 ya lita 10,000. Huo ndio mzigo wa majirani wa chini. Kwa kweli hesabu hii inaupendelea mradi, kwa sababu maji yanayopita juu ya zege hukimbia na kufika kwenye mtaro yote kwa pamoja.

Kwa hiyo kwenye mchoro tafuta mahali ambapo ziada hiyo itashikiliwa: bwawa la kuzuia maji kwa muda, matangi ya kuvuna maji ya bati, au bustani iliyochimbwa chini kidogo ya barabara. Uliza ujazo wake na tundu la kutolea maji lina ukubwa gani. Uliza pia mvua waliyopigia hesabu. Wakisema “mvua ya miaka 10”, maana yake kila mwaka kuna nafasi moja kati ya kumi ya kupata mvua kubwa kuliko hiyo, wala si kwamba ikinyesha leo mtapumzika miaka tisa. Ikizidi, maji yatapita wapi? Njia hiyo ichorwe, na isiwe uani kwa mtu.

Majitaka yanahitaji swali la kwanza kabisa: kuna bomba la DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, la kuunganishia, au hakuna? Sehemu kubwa ya jiji haijaunganishwa na mtandao wa majitaka. Kama bomba lipo, mradi uonyeshe barua ya DAWASA inayosema lina nafasi, kisha angalia vimo. Kila chemba huwa na namba mbili, kimo cha mfuniko na kimo cha chini ya bomba. Namba ya pili lazima ishuke chemba hadi chemba mpaka kwenye maungio. Wahandisi hutaka majitaka yasafiri angalau sentimita 60 hadi 75 kwa sekunde ili yasiache tope njiani. Kama namba inapanda mahali, pampu inahitajika, na pampu inahitaji umeme. Siku umeme ukikatika, jenereta iko wapi na mafuta ananunua nani? Nimeona michoro yenye kituo cha pampu kisicho na hata mstari mmoja kuhusu jenereta.

Kama bomba hakuna, utaambiwa “septiki na shimo la kunyonya”. Piga hesabu tena. Nyumba 100 zenye watu watano kila moja, kila mtu lita 120 kwa siku, asilimia 80 ikigeuka majitaka: lita 48,000 kila siku. Udongo ukinyonya vizuri, maji hayo hupotea na lori huitwa mara chache kuondoa tope. Usiponyonya, lori la lita 10,000 litahitajika karibu mara tano kwa siku, jambo ambalo hakuna mpangaji atakayelilipia. Kipimo cha unyonyaji ndicho kinachoamua, nacho kina ujanja wake: shimo likipimwa Agosti hupendeza. Maji ya ardhini hupanda masika, na sehemu za chini kama Mikocheni na Msasani hukutana nayo kwa kina kifupi. Dai tarehe ya kipimo, idadi ya mashimo, na kina cha maji ya ardhini mwezi Aprili au Mei. Orodhesheni visima vya jirani pia. Umbali unaotumika sana ni angalau mita 30 kati ya kisima na shimo la kunyonya, na kwenye mchanga ni vizuri uzidi.

Mifumo hii miwili isichanganywe. Bomba la bati likiingizwa kwenye chemba ya choo, mvua moja inainua mifuniko na kinyesi kinatembea barabarani. Septiki isiyonyonya nayo humtia mtu kishawishi cha kutapisha, yaani kuyafungulia majitaka yatiririke mtaani, mvua inaponyesha, na kila aliyekaa Dar anajua harufu ya asubuhi yake.

Mto ukipita karibu, pimeni mita 60 kutoka ukingoni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinalinda ukanda huo, na isije ikawa bwawa la majitaka ndilo limewekwa humo kwa kuwa hapauziki.

Mwisho ulizeni mambo mawili yasiyoonekana kwenye mchoro. Kazi ya kuchimba itaanza mwezi gani? Ardhi ikiachwa wazi Machi, tope litaziba mitaro yenu kabla nyumba ya kwanza haijapauliwa. Na mjenzi akishauza nyumba ya mwisho, nani atazibua chemba na kuchota mchanga bwawani, kwa fedha zipi?

Maoni yenu yaandikwe, yasibaki ya mdomo. Andikeni barua, itajeni namba ya kila mchoro na kila chemba mnayoitilia shaka, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa kwa mtendaji wa mtaa. Kikao kikiwa kimeshapita, barua hiyohiyo ipelekeni NEMC, nakala kwa mkurugenzi wa manispaa, pamoja na picha za makalavati mliyoyapima.