Namna ya kufundisha timu ya usafi wa nje ya majengo usalama na huduma ya kwanza, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa msimamizi mwenye vijana wanaoosha vioo vya maghorofa, kuta, mapaa na sakafu za nje kwa mashine ya presha. Kazi zangu nyingi zipo Dar es Salaam, kati ya Posta na Masaki, ambako chumvi ya bahari haiachi kioo kikae safi muda mrefu, kwa hiyo mifano nitakayotoa ni ya huku.

Sharti langu ni moja: mtu asipande juu mpaka wenzake wawe wamefanya mazoezi ya kumshusha. OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, huendesha mafunzo ya huduma ya kwanza, na Chama cha Msalaba Mwekundu nacho hufundisha. Wapeleke watu wako huko. Ila cheti pekee hakimtoi mtu aliyezimia akining'inia ghorofa ya nane. Kitakachomtoa ni mazoezi mliyofanya ninyi wenyewe, kwenye jengo hilohilo, kwa vifaa hivyohivyo.

Hatua ya 1: Lizungukeni jengo pamoja

Usianzie ofisini. Siku moja kabla ya kazi, zunguka jengo na timu nzima, na uwaache vijana waseme wanachokiona kabla hujasema wewe. Utashangaa mambo ambayo kijana mgeni huyaona na mzoefu huyapita.

Angalieni nyaya za umeme kwanza. Nyaya za TANESCO za kilovolti 11 na 33 mitaani mara nyingi hazina ganda, na si lazima uziguse ndipo zikuunguze, kwa sababu umeme huo huweza kuruka hewani. Ngazi ya alumini, mti mrefu wa kufutia vioo na maji ya mashine visikaribie hapo. Mimi sikubali pungufu ya mita 3, na pakiwa pembamba naomba umeme ukatwe kabla ya kuanza.

Kisha paa: je, bati limeoza? Kuna vipande vya plastiki vya kupitisha mwanga? Hivyo havibebi mtu, hata vikionekana vigumu. Halafu tafuteni nyuki. Hukaa chini ya mapaa na kwenye matundu ya viyoyozi, na kelele ya mashine huwachokoza. Aliye chini atakimbia, aliye kwenye kamba hana pa kwenda. Mkiwaona, kazi ya upande ule isubiri mpaka waondolewe.

Mwisho ni upepo. Mchana upepo wa baharini huongezeka, na wakati wa kusi huweza kumpigiza mtu ukutani. Kazi za juu nazipanga asubuhi.

Hatua ya 2: Gawa majukumu kwa majina

"Wote tunajua huduma ya kwanza" maana yake hakuna anayehusika. Taja watu wawili wa huduma ya kwanza, na mmoja wao asipande kabisa siku hiyo. Taja wa kupiga simu, wa kuleta gari, na wa kuzuia watu wasisogee. Simu iwe na chaji na vocha.

Andika kwenye karatasi, uibandike kwenye sanduku la huduma ya kwanza: jina la jengo, mtaa, alama ya karibu ambayo kila dereva anaijua, na geti la kuingilia. Ongeza 112 ya dharura, 114 ya Zimamoto, na namba ya gari la wagonjwa mliloafikiana nalo mapema. Andika na njia: ukiwa Masaki, Daraja la Tanzanite linakuvusha hadi upande wa Upanga, na kutoka hapo Muhimbili si mbali. Jueni pia njia ya pili, kwa sababu foleni ya jioni haina huruma.

Wafanyishe mazoezi ya kusema: "Mtu ameanguka kutoka ghorofa ya pili, anapumua, hajibu, tupo mahali fulani, geti la nyuma." Maneno haya yakisemwa kwa sauti mara kadhaa siku ya amani, hayapotei siku ya hofu.

Hatua ya 3: Zoezi la kumshusha aliyening'inia

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko popote, na nakuomba nawe ufanye hivyo.

Mtu anayening'inia kwenye hanesi, yaani mikanda ya usalama inayofungwa mwilini, bila kutembeza miguu, damu hutuama miguuni. Moyo na ubongo hukosa ya kutosha, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache hata kama hana jeraha lolote. Akizimia na kubaki wima, anaweza kufa. Kwa hiyo hanesi kumdaka si mwisho wa uokoaji, na Zimamoto, hata wakija mbio, hawawezi kuwa mpango wenu wa kwanza.

Fungeni kamba tangu mwanzo kwa namna ambayo mtu aliyebaki juu kwenye paa anaweza kuzilegeza na kumteremsha mwenzake taratibu, bila kukata chochote. Kamba ya kazi na kamba ya akiba ziwe na nanga tofauti, yaani kila moja ifungwe mahali pake imara. Zoezi la kwanza lifanyeni kwa mfuko wa mchanga wenye uzito wa mtu, ukiwa mita 2 tu kutoka chini. Wakimudu, mtundike kijana kwa muda mfupi kimo hichohicho, akiwa na kamba ya akiba. Pimeni muda kwa saa. Timu inayobishana nani ashike nini haijawa tayari kupanda.

Aliyening'inia akiwa na fahamu afundishwe kujisaidia: asukume ukuta kwa nyayo, akunje magoti, asimame kwenye kitanzi cha mguu ambacho kila hanesi yangu hubeba.

Akifika chini, mlaze chali. Ule ushauri wa zamani wa kumkalisha kwanza umeachwa. Kama anapumua lakini hana fahamu, mgeuze ubavu ili njia ya hewa ibaki wazi. Kama hapumui, anza kubonyeza kifua katikati: mara 30, kisha pumzi 2, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6. Mikono huchoka haraka, basi pokezaneni kila baada ya dakika 2.

Hatua ya 4: Aliyeanguka asibebwe juujuu

Tatizo letu ni upendo usio na mpango. Mtu akianguka, watu wanne wanamshika mikono na miguu, wanamtupia kwenye bajaji. Uti wa mgongo uliovunjika ukipindishwa hivyo, aliyekuwa na nafasi ya kutembea tena huweza kuipoteza.

Fundisha hivi: mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili kisigeuke, azungumze naye. Mwingine abane panapotoka damu kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kuchungulia kila mara. Mfunikeni asipate baridi, msimpe maji wala chai. Mzuia watu afanye kazi yake kwa heshima lakini bila kurudi nyuma: "Ndugu zangu, tunaomba nafasi, gari linakuja." Kumhamisha ni pale tu anapotishiwa na hatari kubwa zaidi, kama dawa inayommwagikia.

Hatua ya 5: Dawa za kusafishia

Jiki ikichanganywa na asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae hutoa gesi ya klorini, inayounguza mapafu. Hata kumwaga moja juu ya mabaki ya nyingine ukutani kunatosha. Zibebwe kwenye ndoo tofauti, na kati ya moja na nyingine uso wa ukuta usuuzwe kwa maji mengi. Unapozimua asidi, tangulia maji, kisha asidi.

Chupa ya maji ya kunywa isitiwe dawa kamwe, hata ya dakika moja. Aliyekunywa asitapishwe, nenda naye hospitali na chombo chenye lebo.

Dawa ikiingia jichoni, osha dakika 20 au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, maji yakitiririka mbali na jicho lililo zima. Mgonjwa atataka kuacha baada ya dakika 2, mshike, mwendelee. Ndiyo maana lita 20 za maji safi hukaa kando ya kazi, na hakuna anayenawia mikono humo.

Baadhi ya dawa za kutoa kutu na madoa ya mawe zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo hupenya ngozi, na maumivu huweza kuja saa kadhaa baadaye. Soma lebo. Kama huna jeli ya kalisi glukoneti, ambayo hupakwa pale asidi hiyo ilipogusa ngozi, usinunue dawa hiyo.

Hatua ya 6: Bunduki ya maji

Maji ya mashine ya presha hutoboa ngozi, glavu na kiatu cha kitambaa. Kitakachoonekana ni kitundu kidogo, wala hakiumi sana mwanzoni, na kijana atataka plasta arudi kazini. Usikubali. Ndani, maji na uchafu vimesambaa kwenye kano na mishipa, na kidole au mkono huweza kuoza. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, umwambie daktari waziwazi kuwa ni jeraha la maji ya presha, kwa sababu kwa macho tu linaonekana dogo. Huenda likahitaji upasuaji ndani ya saa chache.

Mashine ya injini isiwashwe kwenye maegesho ya chini ya jengo: moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na huua. Ya umeme iunganishwe kwenye swichi inayokata umeme unapovuja. Mwenzako akipigwa na umeme, zima kwanza, mguse baadaye.

Hatua ya 7: Ngazi na jua

Ngazi ya mita 4 kwenda juu, mguu wake uwe mita 1 kutoka ukutani, na mtu aishike. Jua linapochoma, maji na kivuli viwe na ratiba. Aliyeanza kuchanganyikiwa na mwili kuwaka moto, mwagie maji, mpepee, piga simu. Hiyo ni dharura.

Hatua ya 8: Rudieni

Fanyeni zoezi la hatua ya 3 kila mnapohamia jengo jipya na kila anapoingia kijana mpya, hata kama ni wa siku moja. Andika tarehe, nani alishiriki, muda mliotumia. Ajali ikitokea, hata ndogo, iandike siku hiyohiyo na uitaarifu OSHA na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ili familia ya kijana isije ikadai haki bila karatasi. Sanduku la huduma ya kwanza likaguliwe Jumatatu kabla ya kamba kufungwa: bandeji, glavu, mkasi, blanketi, maji ya kuoshea macho. Kilichotumika kinunuliwe siku hiyohiyo.