Laptopu haiwaki? Usikubali "madabodi imekufa" kabla hujachomoa RAM

Juzi binti wa dada yangu kaniletea laptopu yake kwenye mfuko, macho mekundu. Fundi kamwambia madabodi (ile bodi kuu ya ndani) imekufa, atafute laki mbili na nusu, na ripoti yake ya mwisho wa chuo yote imo humo. Tuliiwasha chini ya nusu saa, bila hela. Fuata hivi.

1. Umeme. Chaja ichomeke ukutani moja kwa moja, achana na ekstensheni. Kama una mita ya kupimia volti pima ncha, chaja nyingi za pini ya duara zinatoa volti 19 hivi, soma kibandiko chake. Zile chaja za kubadilisha vichwa mimi sizitaki kabisa.

2. Bonyeza pawa usikilize. Kimya kabisa? Toa chaja, toa betri, shikilia kitufe cha pawa sekunde 30, rudisha chaja peke yake ujaribu. Feni inazunguka ila kioo cheusi? Chomeka HDMI kwenye TV, picha ikitokea ujue shida ni kioo au kebo yake. TV nayo ikiwa nyeusi, twende hatua ya 3.

3. RAM, kile kijibao cha kumbukumbu ya muda. Hapa ndo pa kutulia. Sisi wa pwani hewa ina chumvi, yale meno ya dhahabu ya RAM yanashika uchafu na mashine inagoma kabisa, mtu anadhani imekufa. Fungua kifuniko cha chini, na skurubu zipange kwenye karatasi kwa mpangilio uleule maana hazilingani urefu, ndefu ukiilazimisha pa fupi unatoboa kitu. Kabla ya kugusa chochote chomoa chaja na plagi ya betri ya ndani, tena shika chuma kwanza umeme wa mwilini utoke. Vile vibanio viwili vya pembeni visukume nje, RAM inainuka yenyewe. Sugua meno taratibu kwa raba ya penseli (msasa hapana jamani, nimeona watu!), futa vumbi la raba, irudishe kwa kuilaza upande hadi meno yazame, halafu kandamiza mpaka usikie ka! Rudisha chaja uwashe. Kama ziko mbili jaribu moja moja, kila moja kwenye kila nafasi. Zingine RAM imechomelewa kwenye madabodi, hizo ruka.

Sasa sikia, ukishagusa RAM mashine inaweza kukaa kioo cheusi dakika kadhaa inajipima upya, zenye RAM mpya mpya za DDR5 ndo kabisa. ISUBIRI. Mimi kwenye mashine nyingine huko nyuma sikujua hili, nikawa nazima kila baada ya sekunde 20 nafungua upya, toka magharibi hadi saa saba usiku, kumbe ilikuwa nzima muda wote. Weka saa, dakika 5 kamili, usiguse kitu.

4. Betri ndogo ya saa, CR2032, itoe dakika 5 urudishe. Zingine hazina.

5. Bado? Kabla ya kumpa fundi toa diski, iweke kwenye kasha la USB, hamisha mafaili yako kwenye mashine nyingine. Ikidai ufunguo wa BitLocker (kufuli ya Windows ya diski), mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu uunakili. Huyu binti yake iliwaka hatua ya 3, na kitu cha kwanza nilichomfanyisha ni kujitumia ile ripoti kwa imeili, kifuniko bado hatujafunga.