Hodi ya mtu usiyemjua: namna ya kumpokea mchuuzi na kumshinda tapeli mlangoni

Kwa miaka sita niliuza vyombo na mashuka nyumba kwa nyumba, kuanzia Tandika hadi Mbagala jijini Dar es Salaam, beseni kichwani na daftari la madeni kwapani. Sasa hivi ni mjumbe wa kamati ya serikali ya mtaa, na kesi zinazoletwa ofisini kwetu zinafanana: "Alikuja mtu, amevaa vizuri, akasema ametumwa." Mlango huo nimeujua kwa nje na kwa ndani. Wachuuzi wengi ni watu wa haki wanaotafuta riziki, na sipendi mtu asome hapa kisha aanze kuwafokea. Utaratibu ninaoueleza haumuumizi mchuuzi wa kweli, ila tapeli hawezi kuuvumilia.

Hatua ya 1: Kubalianeni ndani kabla hodi haijapigwa

Tapeli wa majumbani haji jioni. Anakuja kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, wenye nyumba wako kazini na nyumbani amebaki dada wa kazi na mtoto, au bibi peke yake. Basi wanaohitaji mafunzo ni hao. Kaa nao Jumapili moja na mkubaliane mambo matatu: hakuna mgeni anayeingia, hakuna pesa inayotoka, hakuna kitu kinachotolewa nje, hata kama ni mtungi wa gesi "unaokwenda kukaguliwa".

Halafu wape sentensi moja ya kusema, na waizoee mpaka itoke yenyewe: "Hapa hatununui wala hatulipi mlangoni. Rudi Jumamosi saa kumi."

Angalia kwamba hiyo sentensi haisemi nani yupo na nani hayupo. Nilipokuwa nauza, dada wengi walinijibu bila kufikiri, "Mama ametoka, anarudi usiku." Mimi nilikuwa na mashuka tu. Mwenye nia mbaya akishaambiwa hivyo, hana la kuuliza tena.

Hakikisha dada ana salio la kukupigia. Na mwambie mbele ya watoto kwamba akimzuia mtu hatagombezwa, hata ikija kubainika aliyezuiwa ni shemeji yako. Bila neno hilo kutoka kinywani mwako, hatamzuia mtu mzima aliyevaa shati la mikono mirefu na kushika faili.

Hatua ya 2: Usijibu "Karibu"

Tumelelewa hivyo: hodi, karibu. Ukishatamka karibu, kumrudisha mtu kunakuwa kama kumvunjia heshima, na matapeli wanaijua aibu hiyo. Jibu "Nani mwenzangu?" ukiwa bado ndani, geti limefungwa. Adabu iko pale pale. Wazee wa pwani walitufundisha kwamba hodi ni tatu, usipoitikiwa unaondoka. Anayepiga hodi huku anasukuma geti ameshajieleza.

Muulize ametoka wapi na amemfuata nani, kwa jina. Hapo usimsaidie. Akisema "namtaka mama mwenye nyumba", watu huitikia haraka, "Mama Asha?" Naye anadaka: "Ndiye huyo, Mama Asha, ndiye aliyenituma." Mwache alitaje mwenyewe.

Hatua ya 3: Mchuuzi, mpime kwa "rudi Jumamosi"

Kipimo hiki nakiamini kuliko vyote. Mteja aliponiambia nirudi Jumamosi nilifurahi, maana hiyo ni nusu ya biashara. Niliandika kwenye daftari "geti la bluu, karibu na msikiti, shuka za sita kwa sita", na Jumamosi nilifika. Tapeli hana Jumamosi. Atakwambia bei ni ya leo tu, gari la mzigo linaondoka, zimebaki mbili. Kadiri unavyomwomba muda ndivyo anavyoshusha bei. Bei ikishuka kutoka elfu themanini hadi ishirini na tano ukiwa umesimama tu, funga geti.

Ukitaka kununua, mzigo ukaguliwe wote. Shuka ikunjuliwe mpaka mwisho, kwa sababu pakiti huonyesha upande mzuri, na ndani unaweza kukuta vipande viwili vilivyounganishwa. Asali ndiyo inayoliza watu zaidi: unaonjeshwa ya juu, ni asali kweli, chini yake ni sukari iliyochemshwa. Kipimo cha tone kwenye maji hakitoshi, maana sharubati nzito ya sukari nayo huzama vilevile. Omba imiminwe kwenye chombo chako, kisha uonje iliyokuwa chini ya dumu. Akikataa kumimina, una jibu.

Kwa mali kauli, andikeni kwenye madaftari mawili, lako na lake: kitu, bei, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, na wote muweke sahihi. Kitambulisho chako cha taifa (NIDA) kisiwe dhamana ya sufuria.

Hatua ya 4: Waliovaa sare

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu yamenikuta nyumbani kwangu.

Walikuja vijana wawili, kofia ngumu, vizibao vya njano vyenye mistari inayong'aa, ngazi begani. Walimwambia binti wa kazi niliyekuwa naishi naye kwamba wanakagua mita za LUKU, zile za umeme wa kulipia kabla. Mmoja akafungua kisanduku cha mita, akachungulia, akatikisa kichwa. "Lakiri imekatwa. Hii ni wizi wa umeme, mama yako anakwenda jela." Mwenzake akatoa kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, akaanza kuandika faini ya milioni moja na nusu. Binti akaanza kulia. Ndipo yule wa kwanza akalainika, akamwita pembeni: "Mdogo wangu, tusifike huko. Tafuta laki moja na nusu, tumalizane." Binti akafungua kabati, akachukua pesa ya mchezo, ule wa kuchangiana kwa zamu, niliyokuwa nimepokea siku moja kabla.

Kila kitu pale kilikuwa na sura ya ukweli: sare, risiti, hata lugha. Kilichokosekana ni namna ya kulipa. Malipo ya serikali na mashirika yake hufanyika kwa kontro namba, yaani namba maalumu ya malipo, kupitia benki au simu, na ukiiingiza unaona jina la taasisi kabla hujathibitisha. Hakuna faini halali inayopokelewa mkononi getini. Anayesema "tumalizane" ama ni tapeli, ama ni mtumishi anayeomba rushwa. Vyovyote vile, usilipe.

Kwa hiyo fanya hivi. Mwambie asubiri nje. Kwa mambo ya umeme piga TANESCO, namba 180, uulize kama kuna mafundi waliotumwa mtaani kwako leo. Kwa maji, piga namba iliyo kwenye bili yako. Usipige namba iliyo kwenye kitambulisho alichovaa shingoni, hiyo itapokelewa na mwenzake. Kisha mpigie mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Namba zao ziandike kwa kalamu nene kwenye karatasi, ibandike nyuma ya mlango, mahali dada anapoifikia. Fundi wa kweli anasubiri, pengine atanung'unika kidogo. Matapeli wengi huondoka simu ikiwa bado inaita.

Hatua ya 5: Wasajili wa laini na wanaotaka kidole chako

Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza mwaka 2019, wamekuwepo vijana wanaopita majumbani na kimashine kidogo. Wengi ni mawakala halali. Mchezo uko hapa: unaweka kidole, anasema "kimekataa, futa mkono, weka tena", mara mbili, mara tatu. Wakati mwingine kimekataa kweli, hasa kwa bibi zetu ambao jembe limewalainisha vidole. Wakati mwingine hakikukataa, na kila ulipoweka ilisajiliwa laini nyingine kwa jina lako. Laini hiyo ndiyo itakayotuma zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii", na polisi wakiifuatilia watakuta jina la bibi.

Shughuli za kidole zifanyike dukani kwa kampuni ya simu, siyo kibarazani. Kama ulishaweka, piga *106# uangalie namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika na kitambulisho chako, uifungishe. Namba za matapeli wa meseji zitume kwenda 15040.

Hatua ya 6: Kama wameshakuliza

Usipige kelele za "mwizi!" Nawasihi sana kwa hili. Mitaani kwetu neno hilo likishatoka huwezi kulirudisha. Watu wanakuja na mawe na matairi, na anayeuawa anaweza kuwa muuza mihogo aliyekuwa anapita. Hesabu walikuwa wangapi, wamevaa nini, pikipiki ina namba gani.

Kama pesa imetoka kwa simu, piga huduma kwa wateja wa mtandao wako dakika hiyo hiyo, kabla haijatolewa kwa wakala. Kisha nenda polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, hivyo usikubali kuambiwa "ulimpa mwenyewe". Tupe taarifa na sisi wa mtaa, maana wakifanikiwa nyumba moja, wanahamia ya tatu au ya nne kutoka hapo, siku ile ile.

Yule binti wangu alinificha siku mbili. Aliogopa nitamkata mshahara. Nilipokuja kujua, nyumba tatu za mtaa wa nyuma zilikuwa zimeshalipa, moja ni ya mzee aliyekuwa akiweka akiba ya dawa. Laiti angeniambia jioni ile, ningewapigia wote. Kwa hiyo usimkate. Mwambie leo, kabla hakijatokea kitu, kwamba hatakatwa.