Kupima Upotoshaji wa Amplifaya ya Redio ya Ridhaa

Amplifaya, yaani kifaa kinachokuza nguvu ya mawimbi ya redio, ikiyapotosha humwumiza kwanza mtumiaji wa masafa ya jirani, ambaye husikia mikwaruzo kilohezi kadhaa kutoka mahali unapozungumza wewe. Ndiyo maana mwenye leseni ya redio ya ridhaa (mawasiliano ya redio yasiyo ya kibiashara) aliyeunda au kununua amplifaya hapa Arusha anapaswa kuipima kabla ya kuiunganisha na antena.

Unganisha amplifaya na mzigo bandia wa omu 50, yaani kipingamizi kinachomeza nguvu badala ya antena, kisha uchukue sampuli ndogo ya mawimbi kupitia atenueta, kifaa kinachopunguza nguvu ya mawimbi. Kwa wati 100, atenueta ya desibeli (kipimo cha uwiano wa nguvu) 70 huacha mikrowati 10 tu, kiasi kinachofaa kwa vipokezi vingi vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Ingiza kwenye redio inayolisha amplifaya toni mbili za sauti zenye nguvu sawa, za hezi 700 na 1,900. Ukiweka redio kwenye kilohezi 7,100, ukanda wa chini (LSB, ambapo sauti hurushwa chini ya masafa hayo), toni zitaonekana kwenye skrini ya kompyuta kama vilele, kwenye 7,099.3 na 7,098.1, na upotoshaji wa daraja la tatu, yaani mawimbi mapya yanayozaliwa toni mbili zinapochanganyika (mara mbili ya moja kutoa nyingine), utajitokeza kando yake, kwenye 7,100.5 na 7,096.9. Tofauti ya urefu kati ya kilele cha toni moja na kilele cha upotoshaji ndiyo kipimo chako. Binafsi siridhiki ikiwa chini ya desibeli 30. Angalia pia namna watengenezaji wanavyohesabu, kwani anayelinganisha upotoshaji na nguvu ya kilele cha wimbi zima (PEP), badala ya toni moja, hupata desibeli 6 zaidi kwa amplifaya ileile.

Pima redio peke yake kwanza, kwa sababu amplifaya haiwezi kusafisha uchafu inaoletewa. Kisha ongeza atenueta ya desibeli 10 mbele ya kipokezi: tofauti ile ikibadilika, kinachopotosha ni kipokezi chenyewe, na vipimo vyote vya awali havifai.

Matokeo yakiwa mabaya, punguza nguvu inayoingia kwa desibeli 1. Amplifaya ambayo haijalemewa, yaani haijafika kikomo cha nguvu yake, hupunguza upotoshaji wa daraja la tatu kwa takriban desibeli 3, hivyo tofauti hukua kwa 2. Sauti yako haitapungua kiasi cha kusikika.

Usisahau chanzo cha umeme. Volti zikishuka jioni, wakati mtaa mzima unapika na kuwasha taa, amplifaya hufika kikomo mapema zaidi, basi rudia kipimo saa hizo, ukiandika volti kando ya kila desibeli.