Cherehani inaruka mshono? Anza hapa kabla hujashika bisibisi

Mama yangu ana cherehani ya Butterfly ya kukanyaga, ile nyeusi yenye nakshi za dhahabu, imetusomesha wote nyumbani. Siku moja ikaanza kuruka mshono, akaitwa fundi, akaifungua yote, akaondoka na elfu ishirini, kesho yake ikaruka tena. Kumbe sindano ilikuwa imegeuzwa tu! Iliniuma sana, ndo maana naandika hii.

Kwanza uelewe inavyoshona. Cherehani inatumia nyuzi mbili, wa juu na wa bobini (kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachokaa chini), na tundu la sindano lipo kwenye ncha. Sindano inashuka na uzi mpaka chini, ikianza tu kupanda ule uzi unabaki nyuma unafanya kitanzi kidogoo, hapo hapo ile ndoana ya chini iliyopinda kama mwezi mchanga inakidaka na kukipitisha kuizunguka bobini nzima, afu kile chuma cha juu kinachopanda na kushuka kinavuta, nyuzi zinakabana katikati ya kitambaa. Toa kibati cha bobini uzungushe gurudumu kwa mkono taratibu, utaona yote kwa macho yako.

Sasa ndoana ikikosa kile kitanzi, mshono umeruka. Na mara nyingi inakikosa sababu ya sindano: butu, imepinda, haijapanda mpaka juu, au imegeuzwa. Shina la sindano lina upande bapa. Butterfly hizi za kawaida zimefuata umbo la cherehani ya zamani ya Singer 15, bapa linakaa kushoto na uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto. Mashine nyingine ni tofauti, kwa hiyo angalia ya kwako. Weka sindano mpya kabla ya kitu chochote, namba 14 kwa kitenge, 16 kwa jinzi.

Tatizo la pili ni uzi kujisokota chini ya kitambaa. Watu wote wanalaumu bobini, lakini hapo mara nyingi mkosaji ni uzi wa juu, haujakazwa kwahiyo unavutwa chini wote. Inua mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, ndo utunge uzi upya, maana mguu ukiwa juu vile visahani viwili vya kukazia vinaachia na uzi unaingia katikati yake vizuri, ukitunga mguu ukiwa chini uzi unaelea pembeni na hata ukaze skrubu ya visahani hivyo mpaka mwisho haisaidii kitu.

Bobini ipime hivi: iweke kwenye kikopo chake, shika ncha ya uzi uache kikopo kining'inie. Kisishuke chenyewe. Tikisa mkono kidogo, kishuke kama kidole kimoja afu kisimame. Kikiporomoka uzi umelegea, kisipotikisika kabisa umekaza mno.

Vumbi la nyuzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa litoe kwa brashi, na mafuta yawe ya cherehani jamani, ya kupikia yanaganda ndani.

Ukimaliza chukua kitambaa chakavu ukikunje mara mbili, juu weka uzi mweupe, bobini uzi mwekundu, shona kama shibiri moja. Ukiona nukta nyekundu zimechungulia juu, uzi wa juu umekaza, shusha mguu, legeza skrubu robo mzunguko, ushone tena.