Pikapu za Toyota Hilux na Nissan Navara: ninavyozipima kabla ya kutoa pesa

Usizijaribu kwenye lami peke yake. Hapa Goma mimi huzipeleka kwenye njia za mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, zote mbili siku moja, njia ileile, upepo wa matairi sawa. Na lazima upakie mzigo: mimi huweka magunia sita ya viazi, maana pikapu tupu hurukaruka na kukudanganya.

Sikiliza nyuma. Hilux ina springi za vyuma bapa, Navara ya toleo la D23 yenye milango minne mara nyingi ina koili, yaani springi za kujizungusha. Bila mzigo, koili zilinilainishia mawe, hata mama aliyekaa kiti cha nyuma hakulalamika mgongo. Kwa magunia, Hilux ilitulia vizuri zaidi. Mimi nabeba viazi kila wiki, kwa hiyo hapo ndipo moyo wangu ulipoegemea.

Kisha simama, weka gia huru, ingiza 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), uteremke mteremko mkali gia ya kwanza bila kugusa breki. Ukishasimama, inama uchungulie difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli: iko juu kiasi gani kutoka ardhini? Mwisho, uliza fundi wako kuhusu vipuri kabla hujauliza bei.